Kanuni ya Yamane haina kazi kwenye tenzi

Chukua tasnifu kadhaa za uzamili kutoka vyuo vyetu, za elimu, biashara, maendeleo ya jamii, hata za fasihi, uzifungue kwenye sura ya tatu, ile ya mbinu za utafiti. Nyingi utazikuta na sentensi hii au dada yake: "Ukubwa wa sampuli ulikokotolewa kwa kutumia kanuni ya Yamane (1967)." Kwa anayegawa hojaji kwa wanafunzi wa sekondari, sentensi hiyo ina kazi. Kwa anayechambua tenzi, haina kazi yoyote, na ubaya wake ni kwamba humfanya mwanafunzi aamini ameeleza mbinu yake ilhali hajaeleza kitu.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Idadi ya sampuli ni N kugawanya kwa (1 + N × e²), ambapo N ni jumla ya watu wote unaotaka kuwasemea na e ni kiwango cha kosa unachokubali, aghalabu 0.05. Shule ikiwa na wanafunzi 500, hesabu ni 500 ÷ 2.25, yaani 222. Mji ukiwa na watu milioni moja, jibu ni 400. Taifa zima, bado 400. Hiyo ndiyo dari yake kwa kosa la asilimia 5, na ndiyo sababu tasnifu nyingi zina wahojiwa 398 au 399, kana kwamba watafiti walikula njama.

Ndani ya kanuni hiyo kuna masharti ambayo hayaandikwi. Inadhani kila mtu ana nafasi sawa ya kuchaguliwa. Inadhani unachopima ni uwiano, mathalani asilimia ya watu wanaosema ndiyo. Inadhani pia kila aliyechaguliwa atajibu. Ukiteua watu kwa makusudi kwa sababu ndio wanaojua jambo, sharti la kwanza limevunjika na 222 yako imebaki namba tupu. Ukitaka kulinganisha kata nane, watu 400 wanakuwa 50 kwa kila kata, na kosa kwa kata moja linapanda hadi asilimia 14 hivi. Ukitarajia hojaji nane kati ya kila kumi zirudi, basi kwa shule ile unagawa 278, si 222. Kwa hiyo hata kwa wenye hojaji, kanuni hunakiliwa kuliko inavyoeleweka.

Sasa mpe Yamane tenzi tisa. Tisa kugawanya kwa 1.0225 ni 8.8. Mwanafunzi anakadiria kwenda juu, anaandika kwamba amechambua tenzi zote tisa "kwa mujibu wa kanuni", na jopo linatikisa kichwa kukubali.

Sina ugomvi na kiolezo cha sura tano, ule mpangilio mmoja ambao kila tasnifu hutakiwa kuufuata. Kimewasaidia wasimamizi wenye wanafunzi wengi, na kwa utafiti wa hojaji kimekaa vizuri. Ugomvi wangu ni kukifanya ndiyo sura ya utafiti wenyewe, hadi mwanahistoria anaulizwa nadharia tete yake iko wapi na mhakiki wa ushairi anatakiwa kuonyesha "uthabiti wa vifaa vya kukusanyia data". Taaluma hazitofautiani kwa mada tu. Zinatofautiana kwa kile zinachokiita ushahidi, na kila aina ya ushahidi ina namna yake ya kudanganya.

Tazama swali moja ambalo limewashughulisha watu wa pwani na wasomi kwa zaidi ya karne: wakazi wa miji ya kale ya Waswahili, kuanzia Lamu hadi Kilwa, walikuwa nani na walitoka wapi? Hakuna taaluma iliyolijibu peke yake.

Mwanaisimu haendi makaburini. Anaorodhesha maneno ya msingi, viungo vya mwili, namba, vitenzi vya kila siku, na kutafuta mlingano wa sauti unaojirudia. Kiamu, lahaja ya Lamu, kina ndia, ndoo, ndaa pale Kiunguja kinaposema njia, njoo, njaa. Kina yana na moya pale penye jana na moja. Neno moja linaweza kuwa bahati, lakini mlingano unaorudi neno baada ya neno ni historia. Kwa njia hiyo Kiswahili kimewekwa pamoja na Kimijikenda, Kipokomo na lugha za Komoro katika kundi la Kibantu liitwalo Sabaki. Mtego wake ni ukopaji. Ukiingiza kwenye orodha maneno ya biashara na dini, Kiarabu kitafunika picha yote. Mtego wa pili ni kudhani kwamba ukoo wa lugha ndio ukoo wa damu.

Mwanaakiolojia ana mkaa, vigae na sarafu. Kaboni 14 hupungua nusu kila baada ya miaka 5,730, hivyo kipande cha mkaa kinaweza kupewa umri. Lakini kinachopimwa ni lini sehemu ile ya mti iliacha kukua, wala si lini moto uliwashwa. Boriti ya zamani iliyotumika tena kisha ikaungua itaifanya nyumba ionekane kongwe kuliko ilivyo. Ndiyo maana punje ya mtama iliyoungua ina thamani kuliko gogo. Makombe ya baharini nayo hujizeesha kwa takriban miaka 400, kwa kuwa kaboni ya bahari ni ya zamani, na lazima yasahihishwe. Sarafu zina sheria yake. Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 zilipatikana sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari za dhahabu za Wafatimi, watawala wa Misri, za karne ya 11. Akiba kama hiyo haiwezi kuwa imefukiwa kabla ya sarafu yake changa kuliko zote kugongwa. Hapo inatosha sarafu moja, na kuzidisha sampuli hakuongezi kitu.

Mwenye miswada ndiye anayeonewa zaidi na kiolezo, kwa hiyo nitakaa kwake kidogo. Historia ya Kilwa, ile inayosimulia masultani waliotoka Shiraz, ilichapishwa kwa Kireno na João de Barros mwaka 1552, na nakala yake ya Kiarabu iliyoko London iliandikwa karne ya 19. Mapokezi hayo mawili hayakubaliani kila mahali, na msomi lazima aamue kwa hoja lini anamfuata yupi na kwa nini ukoo wa kitawala ungependa kujinasibisha na Uajemi. Kwenye tenzi kazi ni ngumu zaidi. Tenzi za zamani ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, ambazo hazikuwa na herufi za p, v, ch wala g, irabu zilikuwa tatu, na nazali (m au n) iliyotangulia konsonanti mara nyingi haikuandikwa. Neno lenye be na te lisomwe pata, bata au mbata?

Hatua za kulitatua zinajulikana. Kusanya nakala zote unazoweza, kila moja uipe herufi yake. Linganisha mshororo kwa mshororo. Usihesabu pale zinapokubaliana kwa usahihi, kwa maana wanakili wawili wazuri watakubaliana bila kuonana. Tafuta makosa wanayoshiriki: nakala mbili zikiruka ubeti uleule au zikikosea neno lilelile kwa namna ileile, huenda zimetoka kwa mama mmoja. Kisha tumia bahari ya shairi kama kipimo. Utenzi una vipande vinne vyenye mizani nane kila kimoja, vitatu vya mwanzo vina kina kimoja na cha nne hubeba kina cha utenzi mzima. Usomaji unaoleta mizani tisa au kuvunja kina una kesi ya kujibu. Makosa ya kawaida ni mhariri kuurekebisha mshororo kimyakimya ili usomeke kwa Kiswahili sanifu, akafuta lahaja ambayo ndiyo ilikuwa ushahidi wa mahali ulipotungwa.

Yote hayo hayana mahali pa kukaa kwenye kisanduku cha "ukubwa wa sampuli".

Mwaka 2023 wanajenetiki nao wakaleta chao katika jarida la Nature: vinasaba vya watu 80 waliozikwa pwani na jirani yake kati ya takriban 1250 na 1800. Asili ya upande wa kike ilionekana kuwa ya Kiafrika kwa sehemu kubwa. Asili ya kutoka Asia ilikuja zaidi kupitia wanaume, hasa wa Uajemi, na uchanganyikaji ulianza karibu mwaka 1000. Habari hiyo ilipokewa mitandaoni kana kwamba maabara imefunga mjadala. Haikuufunga. Joto na unyevu wa pwani huharibu vinasaba, na vinavyobaki mara nyingi hutafutwa kwenye mfupa mgumu wa ndani ya sikio. La muhimu zaidi, waliozikwa kwenye makaburi ya mawe karibu na misikiti hawakuwa watu wote wa mji. Wengi walikuwa wenye nacho. Mvuvi wa nyumba ya udongo hayumo, au yumo kwa uchache. Na anayejua hilo ni mwanaakiolojia aliyechora ramani ya makaburi, pamoja na mwanahistoria anayejua nani aliruhusiwa kuzikwa wapi. Mashine ya kusoma vinasaba haijui.

Kwa hiyo ningependa jopo la kupitisha maandiko ya utafiti lifute kisanduku kile na kuuliza mambo manne tu. Ushahidi wako ni kitu gani hasa? Unaupata kwa njia gani, na kwa nini huo na si mwingine? Unaweza kukupotosha vipi, na utagunduaje? Anayetaka kukukagua ataukuta wapi? Mwanafizikia ana majibu, mhakiki wa fasihi ana majibu, na mwenye hojaji bado ataandika Yamane, ila safari hii itabidi aeleze masharti yake.

Fomu za maadili nazo zinahitaji macho hayohayo. Nyingi zimechongwa kutokana na utafiti wa afya, ambako kuficha jina la mshiriki ni wajibu. Anayeeleza hali yake ya VVU lazima alindwe. Lakini ukimrekodi manju au malenga akitunga, ukamwandika "Mtafitiwa namba 7", umemnyang'anya kazi yake. Utungo ni mali yake na jina lake ni sehemu ya ushahidi. Fomu ya ridhaa iwe na chaguo mbili zilizo wazi, nitajwe au nisitajwe, tena ziulizwe upya baada ya kurekodi, kwa sababu mtu hajui atasema nini kabla hajasema.

Kifungu kinachonikera kuliko vyote ni kile cha "rekodi zitaharibiwa baada ya miaka mitano". Kwa sampuli za wagonjwa, sawa, kinaweza kuwa na mantiki. Kwa lugha yenye wazungumzaji wachache waliobaki, ni hasara isiyorudishika. Wazee waliohojiwa mwaka 1968 na wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam kuhusu Vita vya Majimaji hawapo tena, na kizazi kilichoiona 1905 kimekwisha. Tunayo maelezo yao kwa sababu hakuna aliyeyachoma. Mwanafunzi wa fasihi simulizi arekodi kwa WAV, kilohezi 48 na biti 24, asitumie MP3, maana mbano wa MP3 hutupa sehemu ya sauti ambayo mwanafonetiki wa kesho anaweza kuihitaji. Aweke nakala tatu, moja ikiwa nje ya jengo. Kila faili liwe na tarehe, mahali, lugha na masharti ya matumizi: wazi, kwa ruhusa, au kufungwa hadi mwaka fulani. Pia bajeti ikubali kwamba saa moja ya masimulizi hula saa sita au zaidi za kunukuu, na kama lugha haina maandishi ya kawaida, zidisha.

Kamati za kupandisha vyeo zina lao. Mwaka 2015 makala moja ya fizikia kuhusu uzito wa chembe ya Higgs ilikuwa na waandishi 5,154. Kati ya kurasa 33, orodha ya majina ilichukua 24. Uhariri wa utenzi mmoja hufanywa na mtu mmoja kwa miaka. Ukizipima zote mbili kwa idadi ya makala na idadi ya kunukuliwa, hujapima ubora wa yeyote kati yao, umepima tu desturi za uchapishaji wa kila fani.

Kuna na jambo dogo la marejeleo, ambalo maktaba inaweza kulirekebisha bila kusubiri seneti. Mtindo wa mwandishi na mwaka ndani ya mabano unafaa makala za majarida. Barua ya mkuu wa wilaya iliyomo kwenye jalada la Hifadhi ya Nyaraka inahitaji jina la hifadhi, namba ya jalada, namba ya karatasi, nani alimwandikia nani, na tarehe kamili. Ukiilazimisha ndani ya mabano unabaki na "(Serikali ya Tanganyika, 1934)", ambayo itamtuma msomaji kwenye maelfu ya karatasi. Mwongozo wa tasnifu uruhusu tanbihi kwa historia, fasihi na akiolojia. Programu za marejeleo kama Zotero huzipanga zenyewe, na mafunzo yake hayazidi asubuhi moja.