Transkripti Iliyonuka Uraka

Mtu akikwambia kuhama chuo ni kuandika barua tu, muulize kama amewahi kupanda basi la Mtwara kwenda Dar akiwa na dumu la uraka, pombe ya mabibo, matunda ya mkorosho, juu ya kichwa chake.

Makaratasi yangu yalikuwa yamekaa sawasawa. Nilianza na swali ambalo wengi hulikimbia: hiyo kozi ninayoitaka, ningepokewa tangu mwanzo? Hakuna anayeangalia unavyoipenda. Wanaangalia ufaulu wako wa kidato cha sita (A pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1) na masharti ya kozi yenyewe. Kama wanataka Hisabati nawe umetoka na HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), rudi ukalale. Halafu nafasi: kozi ikishajaa, hata wastani wa alama (GPA) wa 4.5 haukuongezei kiti. Na dirisha la uhamisho likifungwa, limefungwa.

Mimi nilikuwa nimeshasoma mwaka mzima, kwa hiyo kulikuwa na kazi ya krediti. Shahada ya miaka mitatu ni krediti 360, na krediti moja ni saa 10 za kujifunza, lekcha na kujisomea humohumo. Wanaokupokea hawadanganywi na jina la somo. Takwimu ya huku inaweza kuwa krediti 8, ya kule 12, na mada nusu hazifanani. Ndiyo maana nilibeba mihtasari ya masomo yote, kila ukurasa una mhuri wa idara. Transkripti, hati ya matokeo yangu ya chuo, ilikuwa ndani ya bahasha iliyobandikwa, mhuri wa msajili umepita juu ya gundi. Bahasha hiyo ikifunguka njiani, imekuwa karatasi ya kufungia korosho.

Akatokea mjomba, kashuka kutoka Newala, msimu wa mabibo umepamba moto.

"Njomba, mpelekee shangazi yako Mbagala."

Dumu la lita tano. Nikamwomba aliweke kwenye buti.

"Buti? Makonda wale watalimaliza kabla ya Lindi!"

Akalipandisha mwenyewe kwenye keria ya ndani, juu ya siti yangu, akakaza kifuniko kwa mpira wa baiskeli. Sasa, uraka mbichi bado unachacha, na unaochacha hutoa gesi. Wauzaji wenye akili hulegeza kifuniko upumue. Mjomba aliukaba shingo, jua la kusini likaupikia humo ndani.

Nangurukuru, paa! Abiria mmoja akalala chini akipiga shahada. Mzee wa siti ya nyuma akafungua mdomo, akalamba kilichomfikia, akatangaza: "Huu wa Newala." Mkoba wangu ulikuwa umelowa mpaka chini. Bahasha imeachama, mhuri wa msajili umegeuka wingu la zambarau. Na maji ya bibo hayatoki kwenye kitu, uliza mama yeyote wa kusini.

Dar, dada wa mapokezi aliinusa mihtasari, akaniangalia, akainusa tena.

"Kaka, hizi nyaraka zimekunywa?"

Bahasha aliikataa palepale, na alikuwa na haki. Mihtasari aliipokea kwa ncha za vidole, ilimradi mihuri ya idara inasomeka. Transkripti nyingine ikabidi iombwe upya Mtwara, ilipiwe, ije kwa basi, ofisi kwa ofisi, mimi nisiiguse.

Jioni mjomba akapiga simu. Nikamweleza yote, bahasha, mhuri, dirisha linalokaribia kufungwa. Akanyamaza, akavuta pumzi.

"Pole, njomba. Lakini dumu lenyewe halikupasuka?"