Kansa ya ovari: kabla ya kuandika "sugu"

Kansa ya ovari ikirudi kabla ya miezi 6 tangu dozi ya mwisho ya karboplatini (dawa ya kemo yenye platini), faili huandikwa "sugu", na familia ya Lubumbashi huanza kuulizia dawa mpya na gari la Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Wanaotaka dawa mpya wana haki yao. Usugu wa kweli upo: seli hujifunza kukarabati DNA iliyovunjwa na platini, au huitema nje paklitakseli, dawa nyingine ya kemo. Katika utafiti wa MIRASOL (2023), mirvetuksimabu, mojawapo ya dawa hizo mpya, ilifikisha wastani wa kuishi miezi 16.5, dhidi ya 12.7 kwa kemo ya kawaida. Ila inafaa tu uvimbe wenye vipokezi vingi vya folati, na kuvipima kunahitaji labo yenye kipimo hicho.

Swali linalorukwa ni kama karboplatini yenyewe ilitolewa sawasawa. Dozi kwa miligramu ni AUC (kiwango cha dawa kinacholengwa katika damu) mara jumla ya uchujaji wa figo na 25. Mama wa miaka 55, kilo 60, kreatinini (kipimo cha damu cha figo) 0.8, anachuja kama mililita 75 kwa dakika. Kwa AUC 6 anahitaji miligramu 600. Familia ikinunua chupa moja ya 450, amepata AUC 4.5. Kosa lipo upande wa pili pia: akipimwa uzito akiwa na lita 8 za maji tumboni, hesabu inapanda hadi karibu 660, chembe sahani (zinazogandisha damu) zinaporomoka, na duru ya pili iliyopaswa kuja siku ya 21 inasogea hadi ya 35. Sindano ya alumini nayo huharibu karboplatini, na hilo halionekani kwenye faili.

Wapinzani watajibu kwamba kupandisha dozi maradufu hakujaongeza maisha, na ni kweli. Juu ya AUC 7 kinachozidi ni sumu tu. Lakini aliyepata duru 3 kati ya 6, zenye mapengo, kisha ugonjwa ukarudi mwezi wa 5, hajathibitisha usugu wowote. Kwake munganga anaweza kufikiria platini tena. Kwa yule ambaye uvimbe ulikua akiwa bado kwenye dawa, kuirudia ni kumchosha bure. Aanze paklitakseli ya kila wiki, miligramu 80 kwa mita mraba, siku ya 1, 8 na 15 ya kila siku 28, hata kama aliwahi kuipata kila wiki 3. Kuwatenganisha hawa wawili kunahitaji tarehe na miligramu za kila duru, zikiwa kwenye daftari analobaki nalo mgonjwa mwenyewe.