Viza ya kustaafu Thailand haielewani na kodi ya miezi sita

Nyumba mbili Tabata, wapangaji watano, kodi ya miezi sita mkononi kabla mtu hajaingiza kitanda ndani. Kwa mstaafu wa Dar es Salaam hiyo ni pensheni tamu kuliko ile ya mfuko. Ukienda nayo Thailand kuhuisha viza ya kustaafu, inakwama kaunta ya kwanza. Tatizo si udogo wake. Inaingia mara mbili kwa mwaka, na wenzetu wanataka kuiona mara kumi na mbili.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Kinachoitwa viza ya kustaafu, kwa wengi, ni nyongeza ya mwaka mmoja juu ya viza ya Non-Immigrant O. Unaingia kwa hiyo O unapewa siku 90, halafu ofisi ya uhamiaji ya mkoa unakoishi inakuongezea mwaka, na mwakani tena, na mwaka unaofuata tena. Mwombaji awe ametimiza miaka 50. Kila mwaka athibitishe kimoja kati ya vitatu: baht 800,000 katika benki ya Thailand, au kipato cha baht 65,000 kwa mwezi, au mchanganyiko wa akiba na kipato unaofika 800,000 kwa mwaka. Kwa viwango vya karibuni, 800,000 ni kama shilingi milioni 60, na 65,000 ni kama milioni 5.

Wazee wengi wakiona milioni 60 za kuzikalia wanaikimbilia njia ya kipato. Nadhani wanakosea, hata wale wanaoimudu. Anayethibitisha kipato kwa benki atatakiwa kuonyesha pesa imeingia kutoka nje ya Thailand kila mwezi, miezi 12 mfululizo, na kila mara isipungue 65,000. Ukituma 130,000 Machi kufidia Februari, Februari inabaki tupu. Ukituma 390,000 mara moja kwa sababu wapangaji wamelipa nusu mwaka, una mwezi mmoja mzuri na mitano mitupu. Na hata anayetuma kila mwezi bila kukosa anaweza kuumbuka kwa kitu kidogo. Baadhi ya huduma za kutuma pesa mtandaoni hulipa kupitia akaunti yao iliyoko Thailand kwenyewe, na muamala husomeka kwenye kitabu cha benki kama wa ndani ya nchi. Afisa haoni alama ya pesa ya kigeni, haihesabu. Kama lazima uende njia hii, tuma kwa TT ya benki, yaani uhamisho wa kimataifa kutoka benki hadi benki, na tuma sawa na baht 68,000 ili makato na kupanda kushuka kwa shilingi visikushushe chini ya mstari.

Pensheni ya mfuko nayo ina miba yake. Mstaafu asiyehakikiwa husimamishiwa malipo, na anayesahau uhakiki akiwa Chiang Mai atagundua pale mwezi unapopita bila senti. Mfuko utamlipa malimbikizo baadaye, sawa, lakini mwezi uliorukwa kwenye kitabu cha Thailand haulipiki tena.

Kwa hiyo ushauri wangu ni amana. Weka 800,000 ukazisahau. Inauma, siwezi kudanganya: milioni 60 zinalala bila riba ya maana wakati hatifungani za muda mrefu za serikali yetu zinalipa riba ya tarakimu mbili. Hiyo ndiyo bei halisi ya viza, si zile baht 1,900 za ada. Asiyeweza kuibeba bei hiyo bila kuuza kiwanja chake cha mwisho Kigamboni, abaki Kigamboni.

Sharti la amana lina kalenda, na kalenda ndiyo inayoangusha watu. Tangu Machi 2019 kanuni ni hii: pesa yote iwe imekaa kwenye akaunti yenye jina lako peke yako miezi miwili kabla ya kuomba, ibaki yote miezi mitatu baada ya kukubaliwa, na muda uliobaki wa mwaka salio lisishuke chini ya 400,000. Chukua mfano wa muhuri wa nyongeza unaoisha 15 Juni. Ofisi nyingi hupokea maombi kuanzia siku 30 kabla, kwa hiyo unaweza kwenda 20 Mei. Pesa ilipaswa kuwa ndani ifikapo 20 Machi. TT kutoka Dar ikichelewa kwa sababu benki inauliza chanzo cha pesa na sababu ya kuituma, umeshaharibu, basi itume mwishoni mwa Februari. Ukikubaliwa 20 Mei, usiiguse mpaka 20 Agosti. Baada ya hapo unaweza kutumia nusu, na Machi ijayo nusu hiyo iwe imerudi. Yaani huo uhuru wa kutumia 400,000 ni wa miezi saba, kisha unaanza kuhangaika kuzirudisha kwa kiwango cha kubadilishia usichokijua. Ndiyo maana nasema zisahau.

Tuma dola, si shilingi wala baht, na acha benki ya kule ibadilishe. Vinginevyo unaweza kukatwa mara mbili. Mwambie mtu wa kaunta hapa kwamba gharama zote za njiani utazilipa wewe mtumaji. Usipomwambia, benki ya katikati inaweza kumega dola 20 au 30, na wewe ulipiga hesabu ifike 800,000 kamili. Kamili ni hatari. Benki ikikata ada ya mwaka ya kadi, mia chache tu za baht, salio linasoma 799,700 siku moja ya Aprili, na hesabu ya miezi miwili inaanza upya. Weka 820,000. Na iwe akaunti peke yake, isiyolipa umeme wala sokoni.

Siku ya kwenda yenyewe si ngumu. Asubuhi pitia tawi la benki yako, chukua barua ya benki inayothibitisha salio, kisha weka baht 100 na uchapishe kitabu hapo hapo ili mstari wa mwisho uwe na tarehe ya leo. Kitabu kisicho na mstari wa leo ni sababu ya kawaida sana ya kurudishwa. Beba fomu TM.7 ya kuomba nyongeza, picha ya sentimita 4 kwa 6, nakala za pasipoti (ukurasa wa taarifa, viza, muhuri wa mwisho wa kuingia, nyongeza ya mwaka jana), nakala za kitabu cha benki, mkataba wa nyumba, stakabadhi ya TM.30 inayoonyesha mwenye nyumba ameripoti kwamba unaishi kwake, na ramani ya kufika kwako. Saini kila nakala. Kwa wakazi wa Bangkok ofisi iko Chaeng Watthana, kwenye jengo kubwa la serikali, fika mapema. Kila mkoa una vijitabia vyake, mmoja unataka picha yako umesimama mlangoni, mwingine hautaki, kwa hiyo chukua orodha ya ofisi yako wiki mbili kabla.

Hakuna kuhuisha ukiwa Dar. Hili watu hawaliamini mpaka liwakute. Nyongeza inaombwa ana kwa ana, ndani ya Thailand, kabla muhuri haujaisha. Na ukitoka nchini bila kibali cha kuingia tena, nyongeza inakufa pale pale kwenye kaunta ya uwanja wa ndege, hata kama ilibakiza miezi kumi. Kibali hicho kinaombwa kwa fomu TM.8: baht 1,000 kwa safari moja, 3,800 kwa safari nyingi. Vijana wa kizungu mtandaoni watakuambia nunua cha 1,000 pale unaposafiri. Wao hawana ukoo wa Kimanyema wenye watu mia mbili. Sisi simu inaingia saa nane usiku, fulani hatunaye, mazishi kesho alasiri, na mtu anakimbilia ndege ya kuunganisha Addis Ababa au Doha. Kaunta ya vibali ipo pia uwanja wa Suvarnabhumi, ila mtu aliyefiwa na mwenye dakika arobaini hakumbuki kaunta. Nunua cha 3,800 siku ile ile unayopata nyongeza, kwenye ofisi hiyo hiyo.

Kibali hicho hakiongezi muda. Kinaisha siku nyongeza inapoisha. Ukija kuzika Mei, arobaini ikakushika, mirathi ikakushika, tarehe 15 Juni ikipita ukiwa Dar umerudi mwanzo: viza mpya ya O kwa maombi ya mtandaoni kupitia ubalozi wa Thailand ulioko Nairobi, siku 90, kisha nyongeza kama mgeni. Heri kuruka wiki moja kwenda kugonga muhuri na kurudi kumalizia arobaini. Ukirudi huko beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano, maana Tanzania imo kwenye orodha yao, na tangu 1 Mei 2025 unajaza kadi ya kuwasili mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Ni bure, tovuti inayokudai pesa si yao.

Pasipoti ndiyo mtego wa kimya. Nyongeza haipiti tarehe ya mwisho wa pasipoti. Ikiwa imebakiza miezi saba, unapewa miezi saba, kwa ada ile ile na makaratasi yale yale. Tanzania haina ubalozi Bangkok, na alama za vidole huwezi kumtuma mtu. Kwa hiyo ukija Dar na pasipoti ina chini ya miaka miwili, pitia Uhamiaji Kurasini ukaibadilishe, shilingi 150,000, na uondoke na zote mbili, mpya na ya zamani yenye mihuri.

Mengine ni ya kukumbuka tu. Ripoti ya siku 90, ya kuijulisha uhamiaji unapoishi, inapokelewa kuanzia siku 15 kabla hadi siku 7 baada, ukichelewa ni baht 2,000, na kila ukitoka nchini hesabu inaanza upya. Kupitiliza muda ni 500 kwa siku, kikomo 20,000. Ukizidi siku 90 unafungiwa kuingia nchini angalau mwaka mmoja hata ukijisalimisha, na ukikamatwa kabla hujajisalimisha ni miaka mitano au zaidi.

Utakutana na mawakala watakaokuwekea pesa ya kukopa kwenye akaunti, wakuchukulie muhuri bila wewe kuwa na 800,000. Huo ni ushahidi wa uongo kwa serikali ya watu, na pasipoti ni yako, si ya wakala. Ofisi inaweza kudai kuona kitabu baada ya miezi mitatu, na wakala ameshachukua chake siku ya pili.

Mke anaweza kukaa kama tegemezi wa mume, au mume wa mke, bila 800,000 nyingine. Kinachodaiwa ni cheti cha ndoa, na hiki kinaanzia huku: RITA (wakala wa usajili wa vyeti), Wizara ya Mambo ya Nje, ubalozi wa Thailand, kisha tafsiri ya Kithai. Kabla hujakipeleka popote, kiweke mezani pembeni ya pasipoti zote mbili usome majina herufi kwa herufi. Kama cheti kinasema Mohamedi na pasipoti inasema Mohammed, sahihisha RITA kwanza. Mtafsiri wa Kithai ataandika kile anachokiona, na karatasi itakuwa na watu wawili.