Mavazi ya jioni melini: kanuni iishie mlango upi?

Katika maelezo ya safari ya meli ya kitalii ya usiku saba, mara nyingi utakuta mstari mfupi kuhusu usiku rasmi: jioni moja au mbili ambazo abiria wanaombwa kuvaa suti, tuksido (suti ya sherehe ya usiku yenye tai ya kipepeo) au gauni la heshima kabla ya kuketi mezani. Mstari huo umezua ubishi usiokwisha. Wapo wanaosema kwamba ukiuondoa, meli inabaki hoteli inayoelea. Wapo wanaosema mtu aliyelipia likizo hapangiwi nguo. Wote wana hoja, ila wanagombania vazi wakati kero yenyewe iko mlangoni: asiyevaa hivyo anafungiwa kumbi ngapi, na je, aliambiwa kabla hajalipa?

Desturi yenyewe imezitangulia safari hizi za starehe. Kwenye meli kubwa zilizovuka Atlantiki mwanzoni mwa karne ya 20, abiria wa daraja la kwanza walivalia chakula cha usiku kama walivyozoea nchi kavu. Usiku wa kwanza walisameheana, kwa sababu masanduku yalikuwa hayajafunguliwa. Wa mwisho pia, kwa sababu yalikwisha kufungwa. Kinachosahaulika ni kwamba madaraja ya chini yalikuwa na kumbi zake za kulia. Kanuni haikuwabana watu wote, kwani kuta za meli zilikwisha kuwatenga. Leo ukumbi mkuu mmoja unapokea wastaafu, wenye watoto wadogo, maharusi na vijana waliokuja kwa ajili ya bwawa. Vazi la daraja moja linatandazwa juu ya maelfu ya watu, ndiyo maana linachanika.

Makampuni yamejibu kila moja kivyake. Norwegian Cruise Line ilianza mfumo wake wa uhuru wa kula na kuvaa mwaka 2000, ikaacha kulazimisha usiku rasmi. Celebrity iliachana na usiku rasmi wa zamani mwaka 2015, ikaweka jioni za unadhifu ambazo tai si lazima. Carnival bado ina jioni zake za kupendeza, ila shati zuri na suruali ya kitambaa vinatosha. Virgin Voyages haina kanuni ya mavazi, lakini ina usiku mmoja wa kuvaa nyekundu, na abiria wanaufuata kwa hiari; tutarudi kwenye jambo hilo. Mwisho mwingine wa kamba uko kwa Cunard. Safari ya Queen Mary 2 kati ya Southampton na New York huchukua usiku saba, na kwa kawaida miwili kati yake ni ya gala, yaani usiku rasmi wa Cunard: tuksido au suti ya giza yenye tai, gauni la jioni au nguo nadhifu ya sherehe. Kanuni huanza kubana saa 12 jioni.

Hoja nzito ya wanaoitetea kanuni ni muda. Siku ya kukaa baharini haina bandari, haina soko, haina ziara. Jioni yake ni ndefu, na usiku rasmi huwekwa siku hiyo makusudi, maana abiria wana saa nzima za kuoga na kujiandaa. Watu wenyewe ndio wanaogeuka mapambo. Tazama ngazi kuu ya meli saa 1 usiku: mzee anamnyoosha mkewe mkufu, watu wanaosabahiana kwa mara ya kwanza wanasifiana nguo. Hayo hayanunuliki kwa mapambo ya ukumbi. Na ni kama kwaya: wakiwapo watatu wasiovaa sare, macho yote yanakwenda kwa hao watatu. Ndiyo sababu anayesema “vaa utakacho, niache nivae nitakacho” hajajibu hoja. Aliyevaa anahitaji wenzake wavae pia.

(Tusijifanye hatuoni biashara. Jioni hizo wapigapicha wa meli hutandika mapazia yao kwenye njia ya kwenda ukumbini, na picha hazitolewi bure.)

Upande wa pili una mizani mkononi. Suti, viatu vya ngozi, mashati mawili na mkanda ni kilo tatu hadi nne, na mizigo ya ndege mara nyingi inakomea kilo 23. Hizo ni kilo za kutumia jioni mbili. Halafu kuna pasi. Meli nyingi haziruhusu pasi wala kinyoosha nguo cha mvuke kwenye kebini, kwa hofu ya moto. Kikikutwa kwenye mzigo kinashikiliwa na walinzi mpaka mwisho wa safari. Cunard ina vyumba vya kufulia vyenye pasi bila malipo. Royal Caribbean haina vya abiria kujihudumia, kwa hiyo shati lililokunjamana linakwenda kwa dobi wa meli, kwa bei ya meli. Kampuni inayodai shati lililonyooka bila kutoa mahali pa kulinyoosha inamtoza abiria mara mbili.

Hata hivyo, ubaya mkubwa hauko kwenye kanuni kali wala kwenye uhuru. Uko kwenye kanuni iliyoandikwa halafu ikaachwa bila msimamizi. Anayesimama mlangoni ni mfanyakazi wa ukumbi, na huyo anayetakiwa kumrudisha mwenye kaptula ndiye atakayepewa alama na mgeni huyohuyo kwenye fomu ya maoni. Anapiga hesabu, anatabasamu, anampitisha. Usiku unaofuata wanakuja kumi. Aliyebeba tuksido anajiona mjinga, na aliyekula bufee (ukumbi wa kujipakulia) kwa kuheshimu kanuni anajiona mjinga zaidi. Virgin imeonyesha kwamba mwaliko mwepesi unaweza kufanya kazi kwa sababu hautishi mtu: nguo nyekundu yoyote inatosha, na aliye bila nyekundu hafukuzwi.

Kwa hiyo naona Cunard, yenye sifa ya ukali, inawatendea watu haki zaidi kuliko meli zinazosema nusunusu. Inaeleza mapema, na kwenye Queen Mary 2 asiyetaka gala anabaki na mahali pa kwenda, ikiwemo bufee ya Kings Court na baa ya Golden Lion. Kasoro haikosekani: kumbi kubwa za chakula na za dansi zinamfungia, na chakula cha bufee si kile kilichopangwa kwa ajili ya gala. Kabla ya kulipa, uliza hivi: saa 2:30 usiku mwenye jinzi atakula wapi, na atakula nini? Kampuni isiyo na jibu la moja kwa moja haijaamua yenyewe.

Ukiamua kuvaa, mwanamume anamaliza safari nzima kwa suti moja nyeusi au ya buluu iliyokoza, mashati mawili meupe, tai moja ndefu na tai moja ya kipepeo. Koti livae au libebe mkononi ndani ya ndege. Mzigo mkubwa unaweza kufika kebini jioni sana, na ukipotea, koti limepona. Tuksido ya kukodi inaagizwa na kutumiwa vipimo kabla ya safari. Ukingoja upande melini, saizi yako huenda haipo. Mwanamke anaokoa nafasi kwa sketi ndefu nyeusi ya kitambaa kisichokunjamana, blauzi mbili tofauti na mtandio, maana kiyoyozi cha ukumbini ni kikali. Visigino vyembamba ni hatari meli inapoyumba. Kisigino kinene cha sentimita nne au tano kinatosha. Vazi la taifa, kama kilti au kimono, hupokelewa kwenye meli nyingi kama vazi rasmi, jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamekwisha kununua gauni.

Kuta za kebini aghalabu ni za chuma, basi kulabu mbili za sumaku zinaongeza nafasi ya kutundika pale kabati linapojaa. Tundika nguo mara tu sanduku linapofika, zikae usiku kucha. Na kagua mikono ya shati kabla hujafunga sanduku: ile ambayo ncha zake hukunjwa mara mbili haina vifungo vyake, na vifungo vya kupachika watu huvikumbuka wakiwa katikati ya Atlantiki.