Kadi ya kugusisha kivukoni: NFC inaweza nini, na haiwezi nini, katika Ziwa Victoria

MV Nyerere ilipopinduka Septemba 20, 2018, ikiwa imekaribia kabisa gati ya Bwisya kisiwani Ukara, swali la kwanza lililoulizwa ufukweni lilikosa jibu: walikuwamo watu wangapi? Kivuko kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria wapatao 100. Waliofariki walizidi 220. Siku ile ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio Bugolora, kisiwani Ukerewe, na watu walikuwa wanarudi makwao na mizigo. Maofisa walieleza kwamba aliyekuwa akikatisha tiketi naye alifariki, na mashine yenye kumbukumbu za tiketi ikapotea majini. Miaka 22 kabla ya hapo, Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza. Daraja la kwanza na la pili yalikuwa na orodha ya abiria. Daraja la tatu halikuwa nayo. Makaburi ya waliofariki, pale Igoma jijini Mwanza, tunayaona, lakini idadi kamili ya waliokuwamo melini inabishaniwa hadi leo.

Naanza na misiba hii kwa sababu kila inapotajwa teknolojia ya NFC, mazungumzo huishia kwenye malipo: kugusisha simu dukani, kugusisha kadi ya benki hotelini. Kwa mji kama Mwanza, wenye visiwa vinavyofikiwa kwa maji, naona kazi yake kubwa iko kwingine kabisa. Iko pale ambapo kitu au mtu asiye na umeme wala intaneti anapaswa kuhesabika, na hesabu hiyo kufika mbali mara moja.

NFC ni mawasiliano ya redio ya umbali mfupi mno. Hutumia masafa ya megahezi 13.56, hufanya kazi vizuri ndani ya sentimita 4 hivi, na kasi yake ya kawaida haizidi kilobiti 424 kwa sekunde. Ukilinganisha na Wi-Fi au Bluetooth, huo ni unyonge. Lakini kadi au kibandiko cha NFC hakina betri. Mashine ya kusomea inatengeneza uga wa sumaku, waya uliozungushwa ndani ya kadi unaunasa uga huo na kupata umeme kidogo, chipu inaamka, inajibu, kisha inalala tena. Ndiyo maana kadi inaweza kukaa mfukoni miaka mingi bila kuchajiwa. Nokia, Philips na Sony walipoanzisha NFC Forum mwaka 2004, simu ndiyo ilikuwa mbele ya macho yao. Sisi tuiangalie kadi.

Intaneti ya vitu, kwa upande wake, ni vifaa vinavyopima, kuhesabu na kutuma taarifa vyenyewe, bila mtu kukaa akiziandika. Mita, pampu, jokofu, geti. Tatizo lake la zamani ni kwamba vitu vingi duniani haviwezi kubebeshwa betri, laini ya simu na bando. NFC inaziba pengo hilo: mashine moja kwenye geti inaunganishwa na mtandao, na maelfu ya kadi zisizo na chochote zinapata utambulisho kupitia kwake. Tena kwa umbali wa sentimita 4 huwezi kuhesabiwa kwa bahati mbaya. Mtu akigusisha, amekusudia kupita.

Kwenye kivuko, mpango wenyewe ungekuwa hivi. Abiria ana kadi, aliyoongezea salio kwa wakala au kwa simu ya kitochi. Anagusisha getini, geti linafunguka, namba inapanda kwa mmoja. Uhakiki unafanyika kati ya kadi na mashine hata mtandao ukiwa unasumbua, na chini ya sekunde moja umekwisha. Namba hiyo inatumwa nchi kavu kabla kamba hazijafunguliwa. Ikifika kikomo cha chombo, geti linagoma. Vipande vya mpango huu vinajulikana nchini: kadi za N-Card zimekuwa zikitumika kwa nauli kwenye kivuko cha Kigamboni, Dar es Salaam. Kinachokosekana katika fikra zetu ni kuitazama kadi hiyo kama chombo cha usalama, maana tumezoea kuiona kama njia ya kuzuia nauli isipotee.

Wanaopinga wana hoja, na baadhi ni nzito. Ya kwanza: kadi inahesabu waliogusisha, haihesabu waliopanda. Mtoto aliyebebwa mgongoni hagusishi. Anayeingia kupitia mlango wa magari, akiwa nyuma ya gunia, hagusishi. Na hata ukihesabu vichwa vyote, hujapima uzito. Ile Alhamisi ya Ukara kulikuwa na mahindi, ndizi na saruji pamoja na watu. Anayetaka kujua chombo kimezidiwa lazima apime kimezama kiasi gani majini, na hiyo ni kazi ya kihisio kingine chenye umeme wake na laini yake ya simu, kilichofungwa kwenye mwili wa kivuko. NFC haikijui na haiwezi kukifanyia kazi yake.

Hoja ya pili ndiyo inayonisumbua zaidi. Mashine inayotunza hesabu tumboni mwake ikisubiri mtandao urudi ina kasoro ileile iliyoonekana mwaka 2018: chombo kikizama, hesabu inakwenda nacho. Wauzaji hupenda kusema mashine zao “zinafanya kazi hata bila mtandao”, na kwenye basi hilo ni jambo jema. Kwenye maji ni hatari, kwa sababu linatoa ruhusa ya kuondoka bila mtu yeyote wa nchi kavu kujua nani yumo. Mimi ningetaka sharti liwe kali zaidi: mashine isomee kadi bila mtandao, sawa, lakini kivuko kisiondoke mpaka idadi imepokelewa upande wa pili, hata ikibidi itumwe kwa ujumbe mfupi wa kawaida ambao hupita pale intaneti inaposhindwa. Sharti hilo litachelewesha safari siku nyingine, na abiria watanung'unika juani. Ucheleweshaji huo unavumilika.

Halafu kuna binadamu anayesimamia geti. Geti linalogoma linaweza kufunguliwa kwa ufunguo, na mwenye ufunguo anaweza kusihiwa na watu waliokosa safari ya mwisho ya siku. Teknolojia inachoweza kufanya ni kuweka kumbukumbu kwamba geti lilifunguliwa kwa mkono saa fulani, na kuituma kumbukumbu hiyo mahali ambapo mwenye ufunguo hawezi kuifuta. Si kinga kamili, ila inabadilisha nani atakayeulizwa.

Nje ya vivuko, mfano ninaouheshimu zaidi ni wa bomba la maji. Kampuni ya Uingereza ya eWATER imeweka Gambia na hapa Tanzania vituo vya maji ambavyo mwananchi anagusisha kidude chake kidogo chenye chipu ya NFC, maji yanatoka, salio linapungua, na kituo chenyewe kinachotumia umeme wa jua kinatuma taarifa kwa mtandao wa simu. Bomba likikauka, fundi anajua bila mtu kutembea kwenda kutoa taarifa. Hapo kugusisha na intaneti ya vitu vimekutana kwa maana halisi. Upande wa pili wa jambo hilo ni kwamba mama asiye na salio anasimama mbele ya bomba lililojifunga, wakati zamani angeweza kumwambia muuza maji atamlipa kesho. Chipu haikopeshi. Anayepanga mfumo wa namna hii kwa vijiji vya ukanda wa ziwa, ambako kipindupindu hurudi mara kwa mara, anapaswa kuamua mapema ni ndoo ngapi za dharura bomba litatoa kwa asiye na senti. Ajue kwamba akikaa kimya, mtu atarudi kuchota ziwani.

Samaki ni suala gumu kuliko linavyoelezwa. Minofu ya sangara kutoka viwanda vya Mwanza inauzwa Ulaya, na soko hilo lilitufungia milango mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa hofu ya usalama wa chakula. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 178 ya mwaka 2002 inamtaka kila mfanyabiashara wa chakula ajue amenunua kwa nani na amemuuzia nani. Kibandiko cha NFC kwenye kreti kinaweza kusaidia, na fizikia iko upande wake: mawimbi ya redio ya masafa ya juu zaidi yanayotumika kuhesabu mizigo ghalani kwa mkupuo humezwa na maji, na kreti ya samaki na barafu ni maji matupu, ilhali uga wa sumaku wa NFC hausumbuliwi sana na maji. Husumbuliwa na chuma, kwa hiyo kreti ya plastiki inafaa na pipa la bati halifai bila kibandiko maalumu.

Lakini swali la kiwandani ni barafu iliyeyuka saa ngapi njiani, na hapo kibandiko cha kawaida hakina jibu. Hakina umeme mpaka kisomwe, kwa hiyo hakiwezi kujua joto la saa 8 usiku boti ikiwa katikati ya ziwa. Vipo vyenye betri nyembamba na kihisio, vinavyoandika joto safari nzima na kusomwa kwa kugusisha kiwandani. Ni ghali zaidi, na gharama hiyo isiangushiwe mvuvi wa mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, ambaye tayari ndiye mwenye sauti ndogo kwenye bei. Anayenufaika na cheti cha Ulaya ni kiwanda, kiwanda kilipe. Kwa dagaa wa soko la Kirumba jijini Mwanza, wanaosafirishwa kwa magunia hadi nchi jirani, sioni haja yoyote kwa sasa.

Kuhusu malipo ya kila siku nitasema kwa kifupi. Simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa mjini hazina NFC, na pesa kwa simu imeshamfikia hata mwenye kitochi. Msimbo wa QR unachapishwa kwa karatasi na kusomwa kwa kamera ya simu janja yoyote. Muuza sato hana sababu ya kununua mashine mpya. QR inashindwa pale karatasi inapolowa, giza linapoingia, au picha ya tiketi moja inapotumwa kwa watu watano. Yaani inashindwa gatini, alfajiri, wakati wa mvua.

Kuna suala la bei ya kadi, na hapa ndipo zabuni huharibika. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Nijmegen, Uholanzi, walionyesha kwamba chipu ya MIFARE Classic, iliyokuwa kwenye kadi za usafiri za miji mikubwa ikiwamo London, inaweza kuvunjwa na kunakiliwa. Kadi inayotambulika kwa namba yake ya siri isiyobadilika, au mbaya zaidi kwa namba ya wazi tu, itanakiliwa Mwanza kama ilivyonakiliwa kwingine, na ikinakiliwa, orodha ya abiria inakuwa uongo. Zipo chipu zinazotoa jibu jipya kila zinapoguswa kwa usimbaji wa AES, yaani njia imara ya kuficha taarifa kwa ufunguo wa siri. Hizo ndizo zinunuliwe, hata kama bei kwa kila kadi ni kubwa zaidi.

Mwisho kuna jina. Hesabu tupu inatosha kuzuia kivuko kisizidiwe, lakini familia iliyoko ufukweni inahitaji majina. Kadi yenye jina, kwa upande mwingine, inaeleza nani alikwenda Ukerewe, lini, na alirudi na nani, na taarifa kama hizo zina watu wengi wanaozitaka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatupa pa kusimamia. Pendekezo langu ni kwamba majina yatunzwe nchi kavu mpaka abiria washuke salama na siku chache baada ya hapo, kisha yafutwe, ibaki idadi peke yake. Hilo liandikwe kwenye mkataba na mwendeshaji kabla mashine ya kwanza haijafungwa getini, pamoja na jina la ofisi itakayokagua kama kweli yamefutwa.