Aliyeuza mashairi ili ajinunue

Juzi nilihudhuria shindano la mashairi la wanafunzi, mada ikiwa utumwa. Walighani vizuri, nakiri, lakini kila shairi lilikuwa na mtumwa yuleyule: kafungwa, analia, anamsubiri mkombozi. Nilitoka pale moyo ukiniuma. Watoto wetu wanaamini kweli kwamba waliofungwa hawakuwa na ujasiri wa kwao?

Ningepewa dakika tano, ningewasimulia habari za George Moses Horton. Alizaliwa mtumwa North Carolina, Marekani, mwishoni mwa karne ya 18. Kusoma alijifundisha mwenyewe; kuandika hakujua mpaka alipokuwa mtu mzima. Mashairi aliyatunga kichwani akilima kwa plau, akayatunza humohumo, kisha akatembea zaidi ya kilomita 10 hadi Chapel Hill kuwauzia wanafunzi wa chuo kikuu. Yeye anasema, wao wanaandika. Sisi ambao bibi zetu walihifadhi tenzi nzima vifuani tunapaswa kumwelewa kuliko wengine.

Bei ilikuwa senti 25, na aliyependezwa sana alitoa hata 75. Wengi walitaka ya mapenzi. Unamtajia jina la binti, naye anakutungia beti ambazo herufi za mwanzo wa mishororo, ukizisoma kwenda chini, zinakupa jina hilohilo. Vijana huru walishindwa kusema ya moyoni, wakayanunua kwa mtu ambaye hata mwili wake haukuwa wake! Na ili apate siku ya kukaa mjini, ilimbidi amlipe bwana wake: senti 25 kwa siku, baadaye 50.

Mwaka 1829 mashairi yake yakachapishwa kitabu huko Raleigh, ili mauzo yamnunulie uhuru. Humo anauliza waziwazi kama alizaliwa ili avae mnyororo. Anauliza kwa jina lake mwenyewe, akiwa bado mali ya mtu, kwenye jimbo lilelile la huyo bwana. Huo ndio ujasiri ninaotaka watoto waughani.

Fedha hazikutosha, na bwana wake hakukubali kumwachia.

Mtaniambia mashairi hayakumfungua, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani ndivyo vilivyomfungua, mwaka 1865, akiwa na miaka karibu 67. Ni kweli, siwezi kubisha. Lakini mwaka huohuo, mzee yule akatoa kitabu chake cha tatu, na safari hii hakuwa na bwana wa kumlipa siku zake.