Greyhound: kufukuza nyambizi au kurudi kwenye msafara

Lawama kubwa iliyotupiwa Greyhound, filamu ya mwaka 2020 ambayo Tom Hanks aliiandika na kuigiza kama mhusika mkuu, ni kwamba imejaa amri tupu na haina watu. Ni kweli, amri zimejaa. Kwa maoni yangu ndizo zinazoibeba.

Ni Vita vya Pili vya Dunia. Kamanda Krause wa Marekani, anayeigizwa na Hanks, analinda dhidi ya nyambizi za Ujerumani msafara wa meli 37 zinazokwenda Uingereza mwanzoni mwa 1942. Manowari za ulinzi ni nne tu, na katikati ya Atlantiki hakuna ndege ya kuwafikia.

Chukua shambulio moja tu. Sona, chombo kinachotafuta nyambizi kwa mwangwi wa sauti majini, wakati ule ilipeleka mlio wake mbele ya meli, si chini yake. Manowari ikifika karibu, kama mita 200 hivi, nyambizi iliyo kina kirefu inatoka kwenye mlio na msikilizaji hapati kitu. Kuanzia hapo nahodha anakisia. Anapita juu, mabomu yenye umbo la pipa yanaviringishwa kutoka tezi, yaani nyuma ya meli, nayo yanazama polepole, karibu mita 3 kwa sekunde. Yaliyotegwa kulipuka mita 90 chini yanataka nusu dakika. Huko chini nahodha wa nyambizi amekwishasikia rafadha zikiongeza kasi, naye amekata kona. Kwa mwendo wa maili 4 za bahari kwa saa anasogea mita 2 kila sekunde, na bomu lisipolipuka mita chache kutoka ubavuni mwake, halimtoboi. Baada ya mlipuko maji yanavurugika, sona haisikii cha maana kwa dakika kadhaa. Mabomu nayo yanapungua, na baharini hakuna ghala.

Ndiyo maana uamuzi mgumu hasa ni kuacha windo. Ukizunguka saa nzima juu ya nyambizi moja, upande wako wa msafara uko wazi kwa wenzake. Na si lazima uizamishe. Nyambizi ya Kijerumani ya aina ya VIIC chini ya maji haikufika hata maili 8 kwa saa, tena kwa muda mfupi kabla betri haijaisha. Ukiibana huko, msafara unaiacha nyuma. Ikiibuka inakimbia maili 17, kuliko hata baadhi ya meli ndogo za ulinzi. Krause anapogeuza omo kurudi kwa meli za mizigo, mtazamaji anaona ameshindwa. Hajashindwa.

Mshika usukani kurudia kila amri neno kwa neno kumewachosha wengi. Lakini kulia kukisikika kushoto, chuma cha tani 2,000 kinaingia ubavuni mwa meli ya mafuta usiku. Kurudia ndiko kunakonasa kosa kabla usukani haujazunguka.

Manowari iliyotumika kupigia filamu, USS Kidd, ni ya aina ya Fletcher, na za kwanza za aina hiyo ziliingia kazini Juni 1942. Hilo nalisamehe.

Nisichosamehe ni yule nahodha Mjerumani anayepiga porojo redioni kumtisha Krause. Nyambizi zilituma ujumbe mfupi wa siri, na hata huo ulitosha vituo vya Washirika kujua umetoka upande gani. Hakuna nahodha mwenye akili ambaye angejianika kwa matusi. Ningezikata sehemu hizo zote, nikaacha mlio wa sona peke yake utishe.